Kamera ya karafuu na usiku nne za kukompaili

Karafuu za mama zilikuwa zimeanikwa uani kwenye majamvi, na kila wingu likitokea sote tunatoka mbio kuzikusanya. Kwetu Wete hilo ni jambo la kila msimu, lakini mimi nikajitia kuliona ni tatizo la kompyuta. Nikatoa Raspberry Pi 3 yangu ya zamani, kikompyuta kidogo cha bao moja, nikafunga kamera dirishani ili itazame mbingu na kupiga kengele mvua ikinyemelea.

Programu yenyewe niliiandika jioni moja. Kilichonitoa jasho ni OpenCV, maktaba ya kuchambua picha. Toleo nililolitaka sikulipata likiwa tayari, ikabidi nilikompaili mwenyewe, yaani niugeuze msimbo wake kuwa programu, humo humo ndani ya kikompyuta.

Kina RAM ya GB 1 na kori nne, yaani vichakataji vinne. Nikaandika `make -j4`, amri ya kukompaili kwa kazi nne kwa mpigo, kama mtu mwenye seva. Kwenye asilimia 61 ikafa: `Killed`, basi, hakuna la ziada. Nikafuta folda zima nikaanza upya. Ikafa tena. Nikafuta tena! Usiku mbili zimekwenda hivyo, nami naulaumu msimbo wa watu.

Usiku wa tatu ndipo nilipopata akili ya kuandika `dmesg`, amri ya kusoma ripoti za kerneli, kiini cha mfumo. Mkosaji alikuwa ameandikwa pale wazi: `Out of memory`, na jina la aliyeuawa ni `cc1plus`, yaani kompaila ya C++. Kompaila nne ziligombania GB moja, kerneli ikaona bora iue mmoja wengine wapumue. Swapu, ile sehemu ya kadi ya SD (ndiyo diski ya Pi) inayosaidia RAM ikijaa, ilikuwa MB 100 tu. Nikaingia `/etc/dphys-swapfile`, nikapandisha `CONF_SWAPSIZE` mpaka 2048, nikashusha kazi kuwa `-j2`. Swapu juu ya kadi ya SD ni ya kobe na inaila kadi, kwa hiyo ni ya muda tu.

Usiku wa nne nimekaa nayo, mnamo saa nne, nikaona taa nyekundu inazimika, inawaka, inazimika. Kwenye Pi 3 taa ile huzimika umeme ukishuka chini ya volti 4.63. Nikaiuliza Pi hali ya umeme wake kwa `vcgencmd get_throttled`, ikajibu `0x50005`: umeme ni mdogo hivi sasa, na kasi imepunguzwa. Nilikuwa natumia chaja ya simu yenye waya mwembamba, mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Jirani yetu fundi simu akaniazima chaja ya ampea 2.5 yenye waya mfupi mnene, taa ikatulia.

Mara umeme wa mtaa ukakatika. Mama kutoka chumbani: "Mwanangu, kizime hicho ulale. Karafuu za bibi yako zilikauka bila ya kutazamwa na kidude."

Umeme uliporudi, bando la intaneti nalo limekwisha, na hapo `make` ikaanza kulalamika kwamba mafaili yameandikwa wakati ujao. Pi 3 haina betri ya saa. Ikiwaka bila mtandao inaendelea na wakati wa mwisho iliouhifadhi, kwa hiyo ilikuwa nyuma karibu nusu saa. Nikaweka bando, saa ikajirekebisha, kazi ikaendelea mpaka kwenye kuunganisha vipande vilivyokompailiwa (mafaili ya `.o`), ikagoma: `file not recognized`.

Hili ndilo lililonikalisha zaidi. Nikapiga `ls -l` kuona ukubwa wa faili lililotajwa: baiti 0. Umeme ulikatika kabla yaliyomo hayajafika kwenye kadi, likabaki jina tupu. Na `make` haifungui faili kuona kuna nini ndani, inalinganisha tarehe tu. Faili ni jipya kuliko msimbo wake, basi kwake kazi imekwisha. Ningerudia `make` hata mara mia, ingeliruka. Nikafuta matupu yote:

`find . -name '*.o' -size 0 -delete`

Yalikuwa saba. Nikaendelea bila kuanza upya, na baada ya sala ya alfajiri ikatimia asilimia 100.

Swapu nimeirudisha 100. Maktaba nimeifunga kwenye faili moja la tar nikaitia kwenye flashi, maana jambo hili silirudii. Chaja ya jirani bado ninayo.