Cheti cha kazi cha Kijerumani: kipiganie kwanza, ndipo ukitafsiri

"Si wamekusifia? Sasa unalalamika nini?" Hivyo ndivyo alivyoniambia binamu yangu wa Hamburg, mtu aliyekaa Ujerumani tangu wakitumia marki, na karibu kila niliyemwonyesha cheti changu aliniimbia wimbo huohuo. Wengine wakaongeza, kaka, ondoka kwa amani, usigombane na Wazungu kwa karatasi. Ningewasikiliza, ningefika Moshi na karatasi inayosema kwa heshima zote kwamba mimi ni mfanyakazi wa hivihivi.

Nilikuwa kwenye ghala la kahawa mbichi Bremen. Magunia ya kilo 60 kutoka Brazili, Ethiopia, na mara mojamoja ya kwetu, Mbinga au Kilimanjaro. Nilipokea shehena, nikachoma bambo kutoa sampuli, nikapima unyevu, nikaandika. Kisha nikapata nafasi kwa wauza kahawa wa Moshi, nao wakataka barua ya mwajiri wangu wa zamani, kwa Kiingereza. Kuacha kazi kwenyewe hakuna cha kusimulia, ila barua yako ya kuacha kazi iwe ya karatasi na saini ya kalamu. Barua pepe kisheria haihesabiki.

Mjerumani ukiacha kazi kwake anakupa Arbeitszeugnis, yaani cheti cha kazi. Ni haki yako, kifungu cha 109 cha sheria yao ya biashara, Gewerbeordnung. Mahakama zinamtaka aandike ukweli, lakini aandike kwa wema, asikuharibie riziki. Ukweli na wema vikigombana ndani ya sentensi moja unapata ngazi kama ya alama za shule, ambako kwao 1 ni juu na 6 ni sifuri. "Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit", yaani daima tuliridhika kikamilifu kabisa, ni 1. Vollsten ikishuka kuwa vollen, ni 2. Toa stets, ni 3. Ukibaki na "zu unserer Zufriedenheit" peke yake, yaani tuliridhika, basi ni 4. Na wakiandika kwamba ulijitahidi, "bemüht", hapo umekwisha.

Mimi nilipewa 4. Wenzangu wametajwa kabla ya wakubwa, ambayo kwa msomaji wa Kijerumani ni kusema nilisumbuana na bosi. Mwishoni hakuna asante, na hakuna neno kwamba niliondoka mwenyewe. Ajira "inaisha tarehe 31 Machi", basi.

Kwanza nilikipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Raha tupu. Sentensi ya alama 4 ilitoka Kiingereza kisafi, "to our satisfaction", na binamu akanipigia makofi kwenye simu: unaona? Lakini pale waliposema "scheidet aus", yaani anaondoka kazini, programu ikaandika nimetolewa mashindanoni, kama timu iliyofungwa kwa penalti. Kitenzi hichohicho kweli hutumika kwenye mpira. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Hapo nikapata wazo la kukaa kimya: Moshi hawajui ngazi za Wajerumani, Kiingereza kitanificha. Halafu nikakumbuka kahawa ya Moshi inanunuliwa na nani. Wajerumani wamejaa kwenye biashara hiyo, na mmoja akiomba kuona cheti chenyewe, nimekwisha.

Nikaenda ofisi ya utumishi, na shati langu la Ijumaa, kwa adabu zote. Dada wa pale alinikaribisha kahawa (mbaya, kwenye ghala la kahawa!), akaitikia kila nililosema, akaandika kwenye daftari, akasema "selbstverständlich", bila shaka. Wiki iliyofuata bahasha ikaja. Nikaifungua kwa kisu taratibu nisiharibu. Walikuwa wamerekebisha jina langu la ukoo, ambalo awali lilikosa herufi moja. Yaliyobaki, yaleyale. Niliomba "kiboreshwe", nao wakakiboresha.

Dawa niliipata Arbeitnehmerkammer, chemba ya wafanyakazi. Kama unafanya kazi Bremen wewe ni mwanachama tayari, wanakukata kwenye mshahara, kwa hiyo ushauri wao wa sheria za kazi hulipii. Waswahili wengi wa huku hawajui hata mlango wake. Mama mmoja wa makamo alisoma cheti changu kwa kalamu mkononi, tiki, tiki, mstari. Akaniambia mwajiri akikupa mbaya kuliko 3 mzigo wa kuthibitisha ni wake, ukitaka nzuri kuliko 3 uthibitishe wewe. Mahakama Kuu ya Kazi, iliyoko Erfurt, ilisisitiza hilo mwaka 2014. Akauliza: una Zwischenzeugnis, yaani cheti cha katikati ya ajira?

Ninacho! Bosi wetu wa kwanza alipostaafu, mzee mmoja wa Ghana, dereva wa fokliti, alituzungukia mmoja mmoja: kila bosi akibadilika, omba cheti cha katikati, atakayekuja hakujui. Wengi walimpuuza. Mimi niliomba, nikakitia kwenye faili la chanjo za watoto. Kilisema stets, kilisema vollen. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mwajiri anafungwa na alichoandika katikati, labda aonyeshe kwamba baadaye uliharibu. Hilo nalo Erfurt wameshaliamua, 2007.

Safari hii sikuomba kiboreshwe. Niliwapelekea sentensi zenyewe, zimeshaandikwa, za kunakili tu, na kopi ya cheti cha zamani, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Nikachomeka na ile ya "auf eigenen Wunsch", kwa hiari yake. Asante ya mwishoni huwezi kuidai mahakamani, lakini nikaiandika humohumo. Mtu akishanakili, ananakili yote. Kikarudi kimesainiwa, na tarehe ni ileile 31 Machi ingawa Aprili ilikuwa inaisha. Usikubali tarehe mpya, inaonyesha mlivutana.

Mtafsiri nilimchukua aliyeapishwa mahakamani, analipwa kwa mistari, ikatoka kama euro mia na kitu. Yeye harembi, anatafsiri kilichopo, na alama yangu ya 2 kwa Kiingereza ikasikika kama mgeni wa hoteli ambaye hakulalamika. Nikamwomba aweke tanbihi kwamba kwa desturi ya vyeti vya Ujerumani maneno hayo ni daraja la pili kutoka juu. Akakubali, kwa sababu ni kweli. Pia chunga "Kündigung": kwa Wajerumani kufukuzwa na kuacha mwenyewe vyote huitwa hivyo, na Kiingereza cha harakaharaka kitakufukuza kazi.

Kitu kingine, tangu Januari 2025 wanaweza kukutumia cheti kwa njia ya elektroniki ukikubali. Waliniuliza. Nikasema nataka karatasi, na kwenye bahasha ngumu wasiikunje.