Vitunguu majani vya Bibi, mwaka wa El Nino

Ramadhani iliyoandama mwisho wa Desemba 1997 ilitukuta Tanga katikati ya mvua za El Nino. Vuli ilikuwa haijui kukoma. Uani kwetu Ngamiani maji yalisimama hadi kizingiti cha jiko, na Bibi alikuwa amelihamishia barazani karai lake la vitunguu majani, mizizi isije ikaoza.

Si hivi vya sokoni vyenye shina nene jeupe. Vya Bibi vilikuwa vyembamba kama nyasi, vina uwazi ndani, harufu yake ya upole. Mjomba alimletea fundo moja kutoka Lushoto, limeviringishwa kwenye jani la mgomba. Huko juu kuna baridi, vinastawi bila kubembelezwa. Kwetu jua la saa nane liliviunguza ncha, ndiyo maana siku zote karai lilikaa kivulini mwa mpera. Alilitoboa chini kwa msumari, akachanganya mchanga na samadi ya mbuzi. Bado naiona mikono yake ikiupekua udongo ule kama mtu anayechambua mchele.

Jioni hiyo alikuwa anapika changu wa nazi.

"Mke mwenzangu, hebu nikatie majani."

Nilikuwa na miaka tisa, nimefunga, miguu mizito. Kisu kilikuwa jikoni, nami sikutaka kukifuata. Nikashika fundo, nikavuta. Udongo ulikuwa umelegea kwa unyevu. Likang'oka lote, mizizi myeupe ikaning'inia mkononi mwangu.

Nililia kabla hajasema neno. Bibi alilipokea, akaketi kwenye kigoda. "Lete kopo la maziwa. Na ile ndoo iliyokatika mpini." Akaliachanisha fundo kwa vidole, polepole, vitano vitano. Majani aliyakata akiacha kimo cha vidole viwili juu ya mizizi, kisha akapanda: karai, kopo, ndoo. Adhana ilikuwa karibu, lakini hakuharakisha hata shina moja.

Yale aliyoyakata ndiyo yaliyoingia kwenye mchuzi. Chungu kilikuwa kimeshaipuliwa, tui zito limetulia. Akayanyunyiza juu, akafunika. Hakuyachemsha kamwe. Yakichemka, alisema, unabaki na rangi tu. Alipofunua wakati wa kufuturu, harufu ilitangulia kufika mkekani kabla ya samaki.

Wiki ya kwanza visiki vile viligeuka manjano. Kila nilipoamshwa kula daku nilipita kwanza barazani na kandili, nikavichungulia. Kopo ndilo lililotangulia kuchipua, uzi mmoja wa kijani, halafu nyuzi mbili.

Asubuhi ya Idd, Bibi aliniita nikiwa na gauni jipya. Akanikabidhi kisu, akainama, akaweka vidole vyake viwili mbele ya mashina.

"Kata hapa juu yake," akasema, na vidole hakuviondoa.