Naishi Istanbul, na hii ndiyo hofu yangu kuhusu marafiki wa Uturuki

Kila vita vinapozuka huku jirani, ndugu wa nyumbani wananiuliza swali lilelile: Uturuki iko upande gani? Najua wanauliza kwa kunijali. Wanachotaka kujua hasa ni kama nitasalimika. Ukweli ni kwamba nchi hii ina mikataba na watu wasioelewana wenyewe kwa wenyewe, na ukiishi hapa bila kuielewa mikataba hiyo, taarifa ya habari ya saa moja itakukosesha usingizi kila siku.

Imo NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tangu 1952. Iliingia siku moja na Ugiriki, na mpaka leo wawili hao wanavutana kuhusu visiwa, maji na anga ya Aegean, bahari iliyo kati yao. Julai 2019 ilianza kupokea mitambo ya S-400 ya kutungulia ndege kutoka Urusi, na mwezi huohuo Marekani ikaitoa kwenye mradi wa ndege za F-35. Kinu cha nyuklia cha Akkuyu wanajenga Warusi, huku Ukraine ikiuziwa droni za Kituruki za Bayraktar. Halafu kuna majirani wanane wa nchi kavu, wakiwemo Syria, Iraq na Iran.

Kazi yangu ni mizigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanakuja kununua nguo Laleli na Merter, sisi tunapima, tunafunga marobota na kuyatuma kwa ndege au kwa meli. Kwa hiyo macho yangu yako kwenye meli kuliko kwenye hotuba. Na ninavyoamini, kilichotukinga mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine hakikuwa urafiki wa taifa lolote. Ulikuwa mkataba wa Montreux wa Julai 1936.

Mlangobahari wa Bosphorus unakata katikati ya mji huu, na pale penye zile ngome mbili za kale upana wake haufiki kilomita moja. Hakuna njia nyingine ya bahari ya kuingilia Bahari Nyeusi kutoka Mediterania: ni mlangobahari wa Dardanelles, kisha Bahari ya Marmara, kisha hapa. Mkataba ule unasema wakati wa amani meli za biashara zipite bila kuzuiwa. Manowari za nchi zisizopakana na Bahari Nyeusi lazima zitoe taarifa mapema, tani zake zina kikomo, na hazikai humo zaidi ya siku 21. Vikitokea vita ambavyo Uturuki haimo, manowari za wanaopigana hazipiti kabisa, isipokuwa ile inayorudi kwenye kituo chake.

Tarehe 27 Februari 2022 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Mevlüt Çavuşoğlu, alitamka kwamba kinachoendelea Ukraine ni vita. Kesho yake njia ikafungwa kwa manowari za wanaopigana, na Uturuki ikazitaka nchi nyingine zote, za NATO zikiwemo, zisilete manowari zao. Fikiria maana yake. Urusi ilipoipoteza meli yake ya Moskva mwezi Aprili, haikuweza kuleta nyingine ya kivita kutoka nje kuziba pengo. Na manowari za Marekani au Uingereza hazikuingia mle kukutana uso kwa uso na za Urusi, mahali ambapo kosa la nahodha mmoja lingetosha kuwaingiza NATO wote vitani.

Tulionja kidogo tu. Mwishoni mwa Machi bomu la majini lilionekana likielea karibu na mdomo wa Bosphorus, upande wa Bahari Nyeusi. Meli zilisimamishwa mpaka wapiga mbizi wa jeshi walipolitegua. Julai ukasainiwa hapahapa mpango wa kutoa nafaka Ukraine, na mwaka mzima uliofuata meli zilipanga foleni Marmara zikisubiri kukaguliwa. Waliokuwa wakinunua mkate Mombasa au Dar kipindi kile wanajua bei ilivyopanda.

Ninachokiogopa ni viapo. Nchi mbili zikishaahidiana kwamba adui wa mmoja ni wa wote, ugomvi wa kijiji kimoja cha mpakani unaweza kuvuka bahari.

Mfano wa karibu ni Idlib, mkoa wa Syria uliopakana na Uturuki, ambako jeshi la Uturuki lilikuwa limeingia. Mama wa ghorofa ya chini, ambaye jengo zima tunamwita teyze, yaani mama mdogo, alikuwa na mtoto wake wa kiume jeshini, kule Hatay, mpakani na Syria. Nilikuwepo alipoagwa. Walimpaka hina kiganjani, wakampeleka stendi ya mabasi kwa ngoma na zumari, vijana wenzake wakamrusha juu na kumdaka huku wakipiga kelele za shangwe. Usiku wa tarehe 27 Februari 2020 teyze aligonga mlango wangu akiwa ameshika simu. Askari zaidi ya 30 wa Uturuki walikuwa wameuawa kwa mashambulizi ya anga Idlib, na mitandao ya kijamii ilikuwa haifunguki. Aliniomba nimfungulie kwa VPN. Tulikaa sakafuni kwangu, mimi nikibofya, yeye akinishika mkono, mpaka kijana alipopiga mwenyewe alfajiri.

Ankara iliilaumu serikali ya Syria, ingawa anga ile Urusi ndiyo iliyokuwa ikiitawala. NATO wakakutana kesho yake. Tarehe 5 Machi Erdoğan alikuwa Moscow na Putin wakikubaliana kusitisha mapigano. Novemba 2015 pia Uturuki iliitungua ndege ya kivita ya Urusi iliyodaiwa kuingia angani mwake kwa sekunde 17. Warusi wakasusia nyanya na hoteli za Antalya, ila risasi haikurudishwa. Mara zote mbili mawasiliano ya marais wenyewe ndiyo yaliyosaidia. Lakini mawasiliano hayo yanategemea nani yuko madarakani na ameamkaje siku hiyo.

Na viapo vinaongezeka. Juni 2021 Uturuki na Azerbaijan walisaini mjini Shusha tamko la kusaidiana mmoja wao akishambuliwa, wakati Armenia, hasimu wa miaka mingi wa Azerbaijan, ina kituo cha jeshi la Urusi ndani ya ardhi yake. Qatar kuna askari wa Kituruki. Mogadishu kuna kambi yao ya mafunzo tangu 2017, na Februari 2024 Somalia ilisaini nao mkataba wa ulinzi wa bahari, wiki chache tu baada ya Ethiopia kuandikiana makubaliano ya kupata njia ya bahari na Somaliland, eneo ambalo Somalia inalihesabu kuwa lake. Hapo vita vilikuwa vinanusa mlangoni kwetu Afrika Mashariki. Kuwakutanisha Abiy Ahmed wa Ethiopia na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia kule Ankara mwezi Desemba mwaka uleule, wakatoka na tamko la pamoja, kwangu ni moja ya mambo mema kabisa ambayo Uturuki imetufanyia.

Sasa hivi kinachonitia wasiwasi ni Syria. Rais Assad alianguka tarehe 8 Desemba 2024, watawala wapya wa Damascus ni marafiki wa Ankara, na Israel imepiga kambi za kijeshi humo, ikiwemo ile ya T4, Aprili 2025. Maofisa wa Uturuki na Israel walikutana Baku, Azerbaijan, kutafuta namna ya kuepuka kugongana angani. Nawaombea wafanikiwe. Wateja wangu wanadhani hayo hayawahusu, lakini tangu meli zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kontena nyingi zimezungushwa Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini, na mtu wa Kariakoo aliyeagiza nguo za Iddi anazipokea Iddi imeshapita.

Kwa kuwa naithamini Montreux hivyo, lile wazo la kuchimba Kanal İstanbul, mfereji mpya wa kuunganisha Bahari Nyeusi na Marmara kando ya Bosphorus, siwezi kulishangilia: wengi wanahofia kwamba mkataba ule hautaugusa. Aprili 2021 maadmirali wastaafu 104 waliandika barua ya wazi kuutetea mkataba wa Montreux, na 10 kati yao wakakamatwa. Mimi ni mgeni, sina kura hapa, ila kwa hili niko pamoja na wale wazee.