Pumzi 32

Mtoto wa dada yangu hajatimiza miaka mitano. Juzi alirudi kutoka kliniki na kikohozi kilekile alichoondoka nacho, pamoja na swali: kwa nini daktari alimtazama tumboni muda wote ule bila kusema neno? Nikamwambia alikuwa anahesabu pumzi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano mwenye kikohozi akifikisha pumzi 40 kwa dakika, nimonia inaanza kufikiriwa. Kwa wa miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50, na kwa kichanga asiyefikisha miezi 2 ni 60. Huhesabiwa dakika nzima, maana mtoto hapumui kwa mpangilio: anavuta haraka haraka, anatua kidogo, anaendelea. Basi akalala chali, akataka na mimi nihesabu. Nilipoinamisha macho tu, mwendo wa tumbo ukabadilika.

Anayejua kwamba anahesabiwa hapumui tena kama alivyokuwa akipumua. Zoezi moja la maafa nililoshiriki, la metronomu, yaani kidude cha milio kinachoongoza mwendo, lilianzia kwenye kero hiyohiyo.

Mazoezi mengi ya maafa hukwepa tatizo hili kwa karatasi. Majeruhi wa kuigiza anavaa shingoni maandishi: pumzi 32, mapigo ya mkono yapo, anafuata amri. Mwokoaji anasoma, anachagua rangi ya kadi inayoonyesha nani ahudumiwe kwanza, anaenda kwa mwingine. Baadaye mtafiti anaripoti kwamba waokoaji wanaijua triaji, huko kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, kumbe alichopima ni uwezo wao wa kusoma. Mkuu wa utafiti wetu alishachoka na hayo. Akaja na vidude vya sikioni: majeruhi akisikia mlio mwembamba avute, mlio mzito atoe. Sisi tunaujua ukweli, mwokoaji haujui mpaka ahesabu. Kazi yangu ilikuwa saa na fomu: kuandika sekunde alizohesabu, namba aliyoitamka na rangi aliyoifunga, halafu kunyamaza.

Tulitumia START, mfumo uliotengenezwa mwaka 1983 na Hospitali ya Hoag pamoja na kikosi cha zimamoto cha Newport Beach, California. Mlolongo wake ni mfupi. Anayeweza kutembea anaelekezwa kando, kijani. Asiyepumua unamfungulia njia ya hewa. Akianza kupumua ni nyekundu, wa kuhudumiwa kwanza; asipoanza nyeusi, wa kuachwa. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu, na huendelei naye. Akiwa 30 au chini yake, unagusa kifundo cha mkono: mapigo hayapo, nyekundu. Yakiwepo, unampa amri rahisi, kwa mfano akufinye mkono. Akishindwa nyekundu, akiweza njano, anaweza kusubiri. Njiani unaruhusiwa kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayomwagika kwa nguvu, basi. Mtu mmoja asikulie zaidi ya dakika.

Hapo kwenye dakika ndipo pana kazi. Hakuna anayesimama sekunde 60 kuhesabu pumzi za mmoja huku wengine wanaita, kwa hiyo watu huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Ukifanya hivyo, namba 30 haipatikani kamwe. Pumzi 7 ni 28, pumzi 8 ni 32, na mpaka wa nyekundu umekaa katikati yake. Anayepumua mara 30 barabara anatoa pumzi saba na nusu katika robo dakika. Atapita au ataangukia nyekundu kutegemea ulibonyeza saa kifua kikiwa kinapanda au kinashuka. Na kuna kosa la wale wanaotamka “moja” palepale saa inapoanza, badala ya kuanzia sifuri: mtu wa 28 anageuka wa 32. Ukihesabu sekunde 30, pumzi moja iliyozidi au kupungua inakupotosha kwa 2 badala ya 4. Ni sekunde 15 tu zaidi, lakini zizidishe kwa watu 40 waliolala sakafuni na utaona kwa nini mwokoaji anazionea uchungu.

Usalama ulifikiriwa, asije mtu akasema haukufikiriwa. Katika kila pumzi ya mtu mzima, kama mililita 150 huishia kooni na kwenye mirija bila kufika pale mapafu yanapobadilisha hewa. Aliyetulia akivuta mililita 500 mara 14, zinazofanya kazi ni 350 mara 14, karibu lita 5 kwa dakika. Mpandishe hadi 32 kwa kina kilekile, unapata lita 11 na ushee. Lakini akivuta 300 tu kila mara, ni 150 mara 32, yaani lita 4.8, palepale alipokuwa. Ndiyo maana washiriki walifundishwa kupumua juu juu: mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, wa tumboni usisogee. Sauti za vidude zilipangwa kuanza filimbi ikilia, kwa makadirio kwamba kila majeruhi atafikiwa ndani ya dakika 3. Na maneno ya dharura yalikuwepo: ukiumwa kweli, sema “siyo zoezi”.

Filimbi ikalia, na waokoaji wakanasa kwa majeruhi wa kwanza kabisa, aliyepakwa damu ya bandia kupita kiasi. Hata kwenye maafa ya kweli hutokea hivyo, damu inayoonekana inakula muda wa walio nyuma. Dakika 3 zikapita, zikapita tena, milio ikiendelea masikioni mwa waliolala mwisho wa ukumbi.

Binti aliyepangiwa pumzi 32 alikuwa ameegemea nguzo. Nilifika kwake nyuma ya kijana wa zimamoto niliyepangiwa kumfuata. Akapiga goti, akatazama kifua, akahesabu sekunde 15. “Saba. Ishirini na nane.” Nikaandika. Akagusa kifundo, mapigo yapo, yanakwenda mbio.

“Dada, finya mkono wangu.”

Binti akamtazama. Mkono haukufinya. Kijana akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Vidole vinne vilikuwa vimenyooka na kubanana, kidole gumba kimelala kiganjani, kifundo kimepinda kwa ndani, na mkono mzima ulitetemeka kwa jitihada ya kutii.

“Kaka, sijisikii vizuri,” akasema, na midomo haikuwa ikicheza sawasawa.

Kijana akatabasamu, akamwambia anaigiza vizuri sana. Akafunga kadi nyekundu, sababu: hafuati amri. Kila majeruhi alipimwa na wawili, kwa hiyo kadi hiyo ilitakiwa kuondolewa ili mpimaji wa pili asiione, na mpimaji wa pili alikuwa ameshafika, sista mkuu wa idara ya dharura, mtu wa maneno machache.

Yeye alihesabu sekunde 30. Kumi na sita, kwa hiyo 32, nyekundu. Kwa utaratibu alikuwa amemaliza. Mfumo haukuulizi kitu kingine mtu akishavuka 30. Alikuwa ameshanyanyua goti moja alipouona ule mkono. Akarudi chini.

“Mwanangu, vidole umeambiwa uvikaze hivi?”

Binti akatikisa kichwa.

“Midomo inakufa ganzi?”

Akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo machozi yakaanza kumtoka. Sista akakichomoa kile kidude sikioni. Kilikuwa bado kinalia ndani ya kiganja chake, kwa mbali, mwembamba, mzito, mwembamba, mzito, na kifua cha binti kikakifuata vilevile ingawa nina hakika hakuwa anakisikia tena. Sista akakifunika kwa ngumi. Kifua hakikubadilika. Akaweka mkono wake mpana juu ya bega la binti na kuanza kutoa pumzi yeye mwenyewe, ndefu, kwa midomo iliyobanwa, kama vile hana mtu mwingine wa kumhudumia ukumbi mzima. Kisha, bila kugeuka, akatuambia tulio nyuma yake: “Pigeni filimbi. Huyu si wa zoezi.”

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 99, jambo linalowatuliza wasiojua, maana kifaa hicho hakisemi lolote kuhusu hewa ukaa, na tatizo lilikuwa huko. Binti alianza kwa pumzi fupi kama alivyofundishwa; kelele zilipopanda akazidi kuvuta kwa kina, mwendo ukabaki 32. Hewa ukaa ikapungua mwilini, damu ikapungua asidi yake, kalsiamu iliyo huru ikajishika kwenye protini za damu, neva zikawa zinashtuka bila sababu. Matokeo ni ganzi ya midomo na vidole, kizunguzungu kwa sababu mishipa ya ubongo inabana, na mkono wa namna ile. Mmoja wetu alikimbia kutafuta mfuko wa karatasi apumulie. Sista akaukataa. Anayepumua kwa kasi anaweza kuwa na hofu tu, anaweza pia kuwa na donge la damu kwenye mapafu, na mfuko humnyima oksijeni huyo wa pili. Mikono ilifunguka baada ya muda si mrefu, gumba likiwa la mwisho.

Nilimuuliza binti baadaye kwa nini hakusema yale maneno ya dharura. Aliyakumbuka vizuri. Ila alidhani mtu wa 32 ndivyo anavyotakiwa kujisikia.

Mabishano yenyewe yalikuja kwenye kikao cha takwimu. Mstari wa binti kwenye jedwali ulikuwa safi kuliko yote: ukweli nyekundu, mpimaji wa kwanza nyekundu, wa pili nyekundu. Kipimo cha kappa, alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu, kisha hukwambia wapimaji wawili wanaafikiana kiasi gani. Hakiulizi wamefikaje. Kijana alihesabu vibaya, akapata namba inayoruhusu kuendelea, akaangukia jibu sahihi kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwa kwenye mpango na ambao aliuona ni maigizo. Sista alihesabu vyema, kisha akavunja utaratibu. Kwa kappa hao ni wamoja.

Mtaalamu wa takwimu alitaka mstari ubaki: rangi ni rangi. Mkuu wa utafiti alitaka ufutwe, kwa kuwa majeruhi alikuwa ameacha kuwa wa kuigiza. Sista alipoulizwa akasema ubaki, lakini akataka kujua ile nyekundu ya safu ya kwanza ni ya nani, ya metronomu au ya binti. Hakuna aliyemjibu. Na ukiichukua ya binti, je, alikuwa nyekundu kweli? Kwa START, ndiyo, mara mbili. Kwa hatari ya maisha, sidhani. Pumzi za taratibu zilimtosha. Penye maafa halisi watu wa namna yake huwa wengi, mashuhuda na ndugu waliopatwa na hofu, na kila mmoja akipewa nyekundu anachukua machela ya anayevuja damu tumboni. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani huvumilia majeruhi kupandishwa daraja kupita hali zao hadi asilimia 25 au 35, mradi wanaoshushwa wasizidi 5. Ni hesabu ninayoielewa. Sijui tu ningemweleza vipi yule binti kwamba yumo ndani ya hizo 35.

Mstari ulibaki, ukiwa na nyota pembeni. Fomu iliyofuata ikaongezewa safu: ni hatua gani imekupa rangi hii? Wengi waliijaza “pumzi”, wakiwemo ambao saa yangu ilionyesha hawakuhesabu.