Umefaulu Udaktari? Basi Toa Hela Mwenyewe

Wakuu salama? Mwenzenu leo nimeshika bili ya euro 186 na ni bili ya kusherehekea mafanikio YANGU MWENYEWE. Nimetetea tasnifu yangu ya PhD wiki iliyopita, biolojia ya ukuaji wa viinitete, yaani viumbe wakiwa bado kwenye yai au tumboni, na huku Ujerumani ukifaulu wewe ndiye unayenunua mvinyo, wewe mikate na jibini, wewe unaosha glasi watu wakishaondoka. Hata bethidei mwenye siku yake ndiye analeta keki. Kwetu Mwanza saa hizi grupu la WhatsApp lingeshafunguliwa, mwenyekiti wa kamati kapatikana, mashangazi wanabishana rangi ya sare. Mbuzi Magu anauzwaje mnajua wenyewe, pigeni hesabu ya hizo euro.

Na hayo mafanikio ya maabara ukimweleza mtu wa nyumbani hayashikiki. Sisi tunafuga samaki zebra, vile vidogo vya mistari. Mayai yao yanarutubishwa nje ya mwili na ni maangavu, unaweka chini ya hadubini unaona kila kitu, ndani ya kama saa 24 moyo umeanza kupiga, acha kabisa. Mimi nilitaka ukoo wa samaki ambao moyo unawaka kijani. Unalichoma yai sindano yenye jeni ya kuwaka likiwa bado seli moja, unasubiri kama miezi mitatu samaki akue, unamzalisha, unakagua watoto kama kuna aliyerithi, mara nyingi hakuna kitu, unarudi mwanzo. Siku nilipoviona vile vitoto vinawaka nilipiga kelele watu wa chumba cha pili wakaja mbio wakijua nimeungua. Nikampigia mama kwa furaha, akauliza, "Wameshafikia saizi ya kukaanga?"

Juu ya kabati letu kuna chupa tupu zimepangwa, kila makala ikikubaliwa au mtu akitetea inafunguliwa moja, wote wanasaini. Ya zamani kabisa ni ya 1996, mwaka ambao jarida la sayansi la Development lilitoa toleo zima la samaki hawa, sehemu kubwa ikiwa kazi ya maabara ya mama Christiane Nüsslein-Volhard mjini Tübingen, ambaye Nobeli yake ya 1995 alikuwa ameipata kwa utafiti wa nzi. Sasa na ya kwangu ipo pale.

Mnaotaka kuja sikilizeni hapa. Kabla hujashika bomba la maabara ulizia jina la nani litatangulia kwenye makala, na uulize kwa maandishi. Hilde Mangold alikuwa mwanafunzi hapo mjini Freiburg, alipandikiza kipande cha kiinitete cha salamanda kwenye kiinitete kingine, pakaota pacha ubavuni. Makala ikatoka 1924, jina la profesa Spemann mbele, la kwake nyuma. Dada wa watu akafariki mwaka huohuo kwa ajali ya moto jikoni, ana miaka 25, na Nobeli ya 1935 akachukua profesa peke yake. La pili mshahara. Wengi wetu wa biolojia mkataba unasema asilimia 65 ya kazi, unalipwa hiyo 65, ila samaki hawajui asilimia, wanataka kula Jumamosi, Jumapili na Krismasi. Usikope nyumbani nauli ukitegemea utarudisha mwaka wa kwanza.

Halafu ndo hapo hawa watu wananichanganya. Natoka chumba cha utetezi nimeloa jasho, nakuta wamenitengenezea kofia ya udaktari, desturi yao, wenzako wanaiunda kwa siri usiku. Ya kwangu ina samaki wa waya, kidaladala kimeandikwa Igoma, na juu kabisa Jiwe la Bismarck la kwetu Mwanza, la maboksi, limesimama ziwani kama lile lenyewe! Kumbe walimtafuta mdogo wangu Instagram wakamwomba picha. Yule fundi wa matangi, ambaye tangu nifike sijawahi kumsikia akisalimia mtu vizuri, ndiye aliyekata maboksi na kupaka rangi. Nilishindwa hata kuhutubia. Waafrika wenzangu wa mji huu niliowaalika wamekuja wangapi? Tuachane na hayo.

Sasa ukoo mzima unaniita daktari, na tangu jana nimeshatumiwa picha tatu za vipimo vya presha na moja ya goti. Shangazi, shikamoo, mimi ni daktari wa samaki wachanga, nenda Bugando.