Matairi nyuma ya kibanda changu

Miaka 11 naziba pancha kando ya barabara hapa Nakuru, na nyuma ya kibanda matairi mabovu yamepanda hadi usawa wa paa. Fundi wa akala huchukua machache. Yanayobaki hujaa maji ya mvua, mbu wakazaana humo. Mengine vijana huyachoma wapate waya, na moshi ule mzito mweusi unaingia nyumba za watu wenye watoto wachanga. Inaniuma sana.

Wiki hii shemeji yangu anayesomea uhandisi wa barabara amenieleza jambo ambalo halijanitoka akilini. Kule Phoenix, Marekani, mhandisi Charles McDonald alianza kuchanganya mpira wa matairi na lami tangu miaka ya 1960! Tairi husagwa likawa chembechembe, waya na nyuzi zikatolewa. Chembe hizo humwagwa kwenye lami ya moto, nyuzi joto kama 180, zikakorogwa karibu saa nzima. Mpira hunyonya mafuta mepesi ya lami ukavimba, na lami ikawa nzito, yenye kunyumbuka. Ndipo huchanganywa na kokoto. Barabara hiyo hukawia kupasuka. Gharama ya kuanzia iko juu, mitambo yake si ya mchezo, hilo nalikubali.

Jioni nilikata kipande cha tairi la lori, nikakikunja kwa koleo, nikakiachilia. Kikarudi vilevile, hakina hata ufa. Na tairi lenyewe limeshapanda na kushuka mteremko wa barabara kuu ya Salgaa miaka mingapi?