Nimetengeneza gemu la kusimama nyumbani, kompyuta ilikuwa rahisi, matundu ndo yameniua

Niseme ukweli kwanza, mi siyo fundi mbao wala fundi umeme, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti. Ila tangu utoto wa Magomeni nina deni na zile gemu za kusimama, za kutumbukiza sarafu, ambazo hela ikikuishia unabaki nyuma ya mwenye hela unampigia kelele "ruka! ruka!" mpaka akufukuze. Mwaka huu nikasema basi, natengeneza langu.

Ubongo wake ni Raspberry Pi 4, kale kakompyuta ka Waingereza kanakoenea kiganjani, na ndani nimeweka RetroPie, programu ya kuchezea gemu za zamani ambayo ni ya bure, unaipakia kwenye memori kadi unawasha. Hapo ndo nilikuwa naogopa, kumbe jioni moja tu. Kilichonitoa jasho ni kwamba nilichomeka chaja ya simu, gemu likawa linakwama kwama na kwenye kona ya skrini kanatokea karadi ka njano, nikajua tayari nimeuziwa kimeo. Kumbe kale karadi ndo yenyewe inalia njaa, Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, chaja yangu ilikuwa haifiki hata nusu. Nikabadilisha chaja, radi ikapotea. Af usizime kwa kuchomoa ukutani, zima kwenye menyu, kadi inaweza kuharibika, na kwa umeme wa kukatika bila hodi mi kopi ya kadi ninayo droo ya pembeni muda wote.

Skrini ni monita kuukuu ya inchi 19 nimeokota Kariakoo, ile ya umbo karibu na mraba, maana gemu za zamani ukiziweka kwenye skrini pana watu wanakuwa wanene.

Sasa mbao. Nikaenda Keko na mchoro wangu na bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18, fundi akauangalia mchoro, akaugeuza, akauangalia tena, "Bosi, hii ni mimbari ya kanisa?" Nikamwambia hapana fundi, ni kabati la gemu. Akanyamaza kidogo, "La watoto?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Box alilikata vizuri sana, sina neno. Balaa ni ule ubao wa juu unaokaa batani. Batani zangu ni za milimita 30, biti ya duara aliyokuwa nayo ni ile ya kutobolea vitasa vya milango, akatoboa, batani zikadumbukia ndani kama embe kwenye gunia. Tukakata ubao mwingine, safari hii nikaenda na biti yangu, matundu yakatoka safi, na bado batani hazikai! Ndo nikajifunza kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa hela: batani ziko za aina mbili, za kubana na vipengele pembeni, hizo ni za bati au plastiki nyembamba ya milimita 2 mpaka 4 hivi, na za kufunga na nati kwa chini, hizo ndo unazotafutia mbao. Mi nilinunua za kubana, kumi na sita, kwa sababu zilikuwa na rangi nzuri.

Na joystick nayo, ile fimbo ya kuongozea mchezaji, kwenye mbao ya 18 fimbo inatokeza kidogo tu, unaishika kwa ncha za vidole kama unashika sindano, ikabidi fundi achonge chini kupunguza unene.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anza na mikono. Chukua boksi la kawaida la karatasi ngumu, toboa na kisu, weka batani, cheza nalo wiki nzima, ukiona kiwiko kinauma sogeza matundu, boksi ni bure. Kabati ni la mwisho kabisa. Mi nilianza na kabati kwa sababu nilitaka picha ya kuwatambia washkaji.

Nyaya hazina shida, kuna kabodi ka USB, kila batani nyaya mbili, unachomeka tu. Nilikosea kufunga joystick imegeuka, nikisukuma juu mtu anaenda kulia, nikadhani programu mbovu nikahangaika usiku kucha, dawa ilikuwa kufungua skrubu nne na kuizungusha. Na Pac-Man ya 1980, ile ya kukimbia mizuka kwenye vichochoro, inataka njia nne tu, joystick ikiwa ya njia nane inakamata na mshazari, unafika kwenye kona anagoma kukata, mzuka anakula. Chini ya joystick yangu kuna kisahani ukikigeuza inakuwa ya njia nne, nimekigundua baada ya wiki mbili za kutukana.

Rangi bado. Mama Nasri kasema bila rangi haliingii sebuleni, kwa hiyo kwa sasa liko koridoni, ukija kucheza pita ubavu ubavu, na batani nyekundu usiibonyeze kwa nguvu, hiyo nimeshikiza na gundi.